Watu wa utafiti wakimtaka mtoto mwenye ukurutu, tukubali?

Jirani yangu hapa Busia, Uganda, ana mtoto wa miaka minne mwenye ukurutu, ugonjwa ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Usiku hujikuna viwiko na nyuma ya magoti mpaka shuka linaamka na madoa ya damu. Juzi mama yake aliniuliza: "Dada, wakija watu wa utafiti wakamtaka mtoto wangu, nikubali?" Mama mkwe akadakia kabla sijafungua mdomo: damu ya mjukuu wake haiendi popote. Siku ile sikuwa na jibu, kwa sababu kila mmoja wao ana hoja.

Tuanzie Entebbe. Kati ya mwaka 2003 na 2005, wajawazito 2,507 wa Entebbe na Katabi, kando ya Ziwa Victoria, waliingia katika utafiti wa dawa za minyoo. Waligawanywa kama kwa kura. Baadhi walipewa albendazoli, wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo. Na kwa dawa ya kichocho, prazikwanteli, ikawa vivyo hivyo. Si mama wala muuguzi aliyejua nani kapewa nini. Watoto wakafuatiliwa kwa miaka.

Hapo ndipo mama mkwe angepiga meza. Yaani unamwacha mjamzito na minyoo yake kwa makusudi? Swali hilo ni zito, na sipendi wanaolipuuza. Lakini wakati ule hakuna aliyejua kwa hakika kama kumpa mjamzito dawa hizo kunamfaa mtoto au kunamdhuru, na waliopewa kidonge kitupu walipangiwa dawa halisi baada ya kujifungua. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2011, yakiongozwa na mtafiti Mganda Harriet Mpairwe, yaliwashtua wengi: watoto wachanga ambao mama zao walimeza albendazoli wakiwa wajawazito walipata ukurutu karibu mara 1.8 ya wale wa kidonge kitupu. Maelezo yanayoaminika ni kwamba minyoo hutuliza kinga ya mwili, na ikiondolewa mapema kinga ya mtoto hukosa breki. Hilo halimaanishi mjamzito akatae dawa ya minyoo anayoandikiwa, maana safura nayo inaua. Ila sasa daktari anapima faida na hasara akijua anachopima.

Je, tungelijua hilo bila kura? Sidhani. Mama anayekwenda mwenyewe kutafuta dawa mara nyingi ndiye mwenye maji ya bomba, nauli na elimu kidogo. Mtoto wake akitoka vipele tungesema ni sabuni, au ni maisha ya mjini. Kura ndiyo iliyoondoa visingizio hivyo. Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa kukubali.

Hoja ya pili iko kwenye ngozi yenyewe. Vitabu vingi vya udaktari hueleza ukurutu kwa neno "wekundu", na vipimo vya ukali wake huhesabu wekundu huo. Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu mara nyingi huonekana wa zambarau, wa kijivu au mweusi zaidi, wakati mwingine kama vipele vidogo vinavyozunguka vinyweleo. Mtoto wetu anaweza kuandikiwa kwamba ugonjwa wake ni mdogo huku halali usiku. Tusipoingia kwenye tafiti, tutaendelea kupimwa kwa ngozi za wengine.

Lakini hapa hapa mama mkwe anarudi na nguvu. Dupilumab, sindano ya ukurutu mkali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, imewapa wagonjwa wengi wa huko usingizi. Bei yake haina mahusiano na mfuko wa muuza nguo wa Busia. Mtoto akijaribiwa dawa ya namna hiyo, ngozi ikapona, kisha utafiti ukafungwa, atarudi kujikuna akiwa ameshaonja nafuu. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linataka jambo la dawa baada ya utafiti lipangwe kabla haujaanza. Kama mpango huo haupo, mimi nasimama na mama mkwe.

Kuna mizigo mingine inayosemwa kwa haraka mno siku ya kuandikisha. Tafiti nyingi humtaka mgonjwa aache krimu zake kwa muda ili dawa mpya ipimwe peke yake. Siku hizo ugonjwa unaweza kuwaka. Kuna bodaboda za kila ziara. Na kuna ukweli mgumu kuutamka, kwamba baadhi ya mafuta ya sokoni tunayowapaka watoto yana steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe. Ukificha hilo, unaharibu matokeo na unaweza kumhatarisha mtoto.

Miongozo ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda inataka ridhaa itolewe kwa lugha mshiriki anayoielewa, na mtoto wa miaka 8 na kuendelea aulizwe mwenyewe. Hapa mpakani lugha hiyo kwa wengi ni Kiswahili, na hata jina lina mtego: mama akisikia "pumu ya ngozi" hudhani mtoto ataanza kukohoa kesho. (Kweli watoto hawa hupata pumu ya kifua zaidi ya wengine, lakini si wote.) Fomu isiyomweleza hayo haijaomba ridhaa.

Nimemjibu jirani hivi. Utafiti unaouliza jambo ambalo jibu lake litabadilisha anachonunua au anachopewa zahanati, akubali, hata kama jibu litakuwa "hapana". Uingereza waliwafuata watoto wachanga 1,394, na mwaka 2020 wakasema kupaka mafuta ya kulainisha ngozi kila siku mwaka wa kwanza hakuzuii ukurutu. Jibu kama hilo linaokoa pesa za wazazi. Utafiti wa dawa ambayo haitafika Uganda, akatae bila kuona haya.

Alinitaka nimwandikie maswali kwenye karatasi ya daftari. Mama mkwe akaongeza la kwake: damu itakayobaki itawekwa wapi, na kwa miaka mingapi? Nimeliandika la kwanza.