Jina lilianza kijijini

Kuna mwandishi anayesema kwamba mahali penye jina la ukoo palipewa jina na ukoo huo. Mara nyingi ni kinyume. Mji mkuu wa Marekani uliitwa Washington mwaka 1791 kwa heshima ya George Washington, hilo sawa, lakini mababu zake walilipata jina hilo karne ya 12 walipohamia Washington, kijiji cha kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Kijiji kikazaa ukoo, ukoo ukazaa mji! Lincoln vivyo hivyo: mji wa Uingereza, kisha ukoo, kisha mji ulio katika jimbo la Nebraska, Marekani, mwaka 1867. Nawasihi wanaotafuta asili zao: watu wasio na damu moja waliitwa kwa jina la mji mmoja waliotoka, kwa hiyo msiunganishe koo kwa jina tu.