Imani Bila Suruali

Mimi ni mzee wa kanisa, na kazi yangu hasa ni kutembelea wagonjwa. Miaka yote nimesimama kando ya vitanda vya watu nikiwafungulia Zaburi ya 91 na kuwaambia, "Usiogope, Mungu yupo." Kisha narudi zangu nyumbani kula.

Ngiri yangu ilianzia sikukuu ya mavuno. Kwenye mnada baada ya ibada nilipata gunia la mahindi, vijana wakaja kunibebea, nikawafukuza. Nilitaka wajue sisi wa zamani tulikula nini. Wakajua, maana ndio walionibeba mimi.

Siku ya upasuaji nesi, binti wa rika la kitinda mimba wangu, akanipa gauni la kijani. "Vua kila kitu, baba. Hata cha ndani." Mbele gauni limefika shingoni, heshima tupu, nyuma kamba mbili, moja imekatika. Nikashika njia ya chumba cha upasuaji, mkono wa kulia Biblia, wa kushoto umeshikilia mlango wa nyuma.

Kwenye kona, kwaya ya akina mama! "Bwana asifiwe, mzee!" Mama mchungaji huyo, mkono ameshaunyoosha.

Kulia nimeshika Neno, kushoto nimeshika siri. Na mama mchungaji hasalimiwi kwa kushoto. Basi nikaipeleka Biblia kule kule nyuma, nikaibana panapohusika, nikasalimia kwa kulia. Zaburi ile inasema uaminifu wake ni ngao na kigao. Nimeihubiri mara ngapi, sikuwahi kuielewa hivyo.

Wakaimba wimbo mzima, beti zote, mimi nimeganda ukutani. Halafu: "Tangulia mzee, tukusindikize." Nikatangulia kinyumenyume hadi mlangoni, nikiwapungia kama rais anayepanda ndege. Baadhi yao walilia. Walidhani naaga.

Ndani baridi kali. Mtaalamu wa usingizi, sindano ya ganzi ya mgongo tayari, akasema, "Mzee, tumesikia wewe ni mtu wa maombi. Tuombee kwanza."

Mimi, ambaye sala yangu ya chakula hupoza ugali! Nikafumba macho. Ya 91 imepotea. Ya 23, mchungaji na kondoo wote hawaonekani. Ukaja mstari mmoja tu.

"Yesu akalia machozi," nikasema. "Amina."

Kimya. Kisha yule mtaalamu akasema, "Amina. Fupi, lakini imefika."

Na imefika kweli, kwangu mimi kwanza. Wale wote niliowaambia wasiogope, niliwaambia nikiwa na suruali na mkanda. Pale kitandani, nimejikunja kama paka aliyenyeshewa, ngao niliiachia mlangoni. Nikabaki na huyu anayelia. Nikamshika huyo huyo, sindano ikaingia.

Miguu ikapata joto, ikawa mizito, ikaenda zake. Kabla hawajanifunika nikashusha mkono, nikakuta paja la mtu.

"Samahani," nikasema.

"Ni lako, baba," nesi akajibu.

Wiki iliyofuata mama mchungaji alikuja nyumbani kuniombea. Akanyoosha mkono mezani. "Mzee, niazime Biblia yako nisome kidogo."

Nikamwambia asomee ya mke wangu.