Makorongo ya baharini: tusimpe mto sifa zote

Mtu wa Monduli au Kisongo hafundishwi korongo ni nini. Anajua maji ya masika yakishika njia ya ng'ombe, watu wataamka wamekuta mtaro, na anajua ukitaka kulizuia huanzi kujaza mawe katikati. Unaanza kichwani, pale lilipokatika wima, maana ndiko linakokula ardhi kupanda juu mwaka hadi mwaka. Ujuzi huo huo wa kichwa cha korongo ndio tunaousahau tukifika kwenye makorongo ya chini ya bahari, yale mabonde yenye kuta kali yanayoshuka kutoka ukingo wa bara, yaani pale bara linapokatikia chini ya maji, hadi kina cha meta 3,000 na zaidi.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba zama za barafu bahari ilishuka, mito ikasonga mbele juu ya nchi iliyoachwa wazi, ikachimba, kisha maji yakarudi yakafunika. Si ya kupuuzwa. Bahari ilishuka kweli, takriban meta 120, miaka kama 20,000 iliyopita. Korongo la Kongo linaanzia ndani ya mdomo wa mto wenyewe, karibu kilometa 30 kutoka pwani. Na Mediterania, ilipotengana na Atlantiki kati ya miaka milioni 5.97 na 5.33 iliyopita na maji yake kupungua vibaya, mto Nile ulichimba bonde ambalo leo limefukiwa chini ya Cairo, kwa kina kinachozidi meta 2,000. Francis Shepard, Mmarekani aliyeyapima makorongo haya kwa miaka mingi, aliutetea mto kwa hoja nzito: baadhi ya kuta ni za granaiti, jiwe gumu sana, na tope laini litaikataje granaiti?

Lakini meta 120 ni meta 120. Mto hauchimbi chini sana ya usawa wa maji unakoishia. Mediterania ni kama beseni lililozibwa. Atlantiki na Bahari Hindi hazijawahi kukauka namna ile. Korongo linalofika meta 3,000 linabaki na meta 2,880 zisizo na mchimbaji.

Mchimbaji alipendekezwa na mwanajiolojia Reginald Daly mwaka 1936: maji yaliyobeba tope, mazito kuliko maji safi, yanayoteremka yakisugua sakafu ya bahari. Wengi hawakuamini, na hesabu inaonyesha kwa nini. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,027 hivi. Changanya chembe za mchanga kwa asilimia 1 ya ujazo, inafika kama gramu 1,043. Ziada ni gramu 16 tu, ilhali maji ya mto yanaizidi hewa kwa karibu gramu 1,000, zaidi ya mara 60. Kinachofidia ni unene. Mkondo wa tope huwa na kimo cha makumi ya meta, hata mamia, na mteremko wa bara, ule unaoshuka kutoka ukingoni hadi bahari kuu, ni mkali. Tena chembe zake huelea kwa msukosuko wa maji, tofauti na tope zito lililoteremka Hanang na kufika Katesh tarehe 3 Desemba 2023 likiwa limebeba mawe na miti. Lile husimama mteremko ukilegea. Mkondo wenye tope jepesi huendelea mbali mno.

Ushahidi ulikuwa tayari umeshatokea. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko lilipiga Grand Banks, kusini mwa kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Nyaya za telegrafu za chini ya bahari zilizo karibu zilikatika papo hapo, halafu zilizo chini zaidi zikafuata moja baada ya nyingine, ya mwisho saa 13 na dakika 17 baada ya tetemeko. Wanasayansi Bruce Heezen na Maurice Ewing walizipanga saa hizo mwaka 1952 na kukadiria mwendo wa karibu kilometa 100 kwa saa. Makadirio ya baadaye yalishuka hadi kama 70. Hata hizo 70 hakuna mto unaozifikia.

Takwimu inayostahili kutafakariwa zaidi ni ya mwaka 2011: kati ya makorongo makubwa 5,849 yaliyohesabiwa duniani, ni 153 tu yaliyoungana moja kwa moja na mto, asilimia 2.6. Mtetezi wa mto atajibu, na ana haki, kwamba leo bahari iko juu. Ilipokuwa chini, mito mingi zaidi ilifika ukingoni. Hata hivyo makorongo mengi vichwa vyake viko katikati ya mteremko bila kuugusa ukingo wa bara, mahali ambapo mto usingefika hata bahari ishuke mara mbili ya ilivyoshuka. Hayo yalianzia chini: mteremko ulimeguka, kichwa kikabaki wima, kikameguka tena, kikala kupanda juu. Kisongo tupu, isipokuwa ni gizani chini ya maji.

Je, mto hauna kazi? Unayo, ila ni ya kupakia. Ili maji ya mto yazame baharini yanahitaji kama gramu 40 za tope kwa lita, kiwango ambacho mito mingi haikifikii hata ikifurika. Hivyo maji yake hutanda juu ya bahari, tope linatua polepole na kulundikana kwenye kichwa cha korongo hadi kitu kilitikise: tetemeko, dhoruba, au uzito wake wenyewe. Kongo ulifurika sana mwishoni mwa 2019, lakini mkondo mkubwa uliondoka katikati ya Januari 2020, wiki kadhaa baadaye, kukiwa na maji ya bamvua. Ulisafiri zaidi ya kilometa 1,100 na kukata mikongo ya mawasiliano ya baharini ya SAT-3 na WACS. Cha kushangaza, uliongeza mwendo njiani, kutoka meta 5.2 hadi 8 kwa sekunde, kwa sababu ulikuwa unazoa sakafu na kuzidi kuwa mzito. Mchanga ulioshehenezwa hivyo, ukipita mara maelfu, ndio jibu la granaiti ya Shepard.

Mlangoni mwa korongo mkondo hutawanyika, na hapo huzaliwa pepeo la mashapo, yaani tandazo la mchanga na tope lenye umbo la upepeo. Ukitoka Moshi kwenda Same unaona mfano wake vijito vya Upare vinapofika tambarare: mawe karibu, mchanga mbele, tope mwishoni. Baharini kila mkondo huacha tabaka lenye mchanga mzito chini na tope laini juu, na tabaka hizo zikijumlishana huzaa pepeo kama la Ghuba ya Bengal, lenye urefu wa kilometa 3,000 hivi. Gesi ya bahari kuu ya kusini mwa Tanzania, kama ile ya kisima cha Zafarani iliyogunduliwa 2012, imekaa kwenye mchanga wa aina hiyo.

Mchanga mwingi wa Weruweru na Kikuletwa siku hizi unatua kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kabla haujauona Pangani. Anayemwamini mto peke yake atadhani habari imeishia hapo. Shehena iliyokwisha lundikana kwenye mteremko wa bara haingoji mvua ya Kilimanjaro ili iporomoke. Tetemeko moja latosha.