Shemeji na Maua ya Boga

Shemeji yangu wa Kampala alitua kwetu Jinja na ujuzi aliouokota kwenye simu. "Leo posho ipumzike," akasema, yaani ugali wetu, "nawakaangia maua." Mimi nikavuta kigoda nitazame.

Nyuma ya nyumba kuna boga lililojiotea jalalani, limetambaa hadi ukuta wa choo. Maua yake hufunguka alfajiri, na jua likishakuwa kali yanajifunga, hayafunguki tena. Mwenye kujua huchuma asubuhi, ua likiwa wazi, aone kilichomo. Shemeji alikunywa chai kwanza, akaenda saa sita. Nyuki aliyechelewa kutoka alikuwa ameshafungiwa mlango.

Akarudi na kavera, mfuko wa plastiki, limejaa. Mama mkwe akachungulia, akashika kichwa. Ua dume lina kikonyo kirefu, chembamba. Jike limekalia kiboga cha ukubwa wa gololi. Huchumwa madume, na hata hayo unabakiza machache ya kuchavusha. Huyu bwana alichagua majike, eti yana nyama.

"Mwanangu, umeniletea mimba jikoni!"

Unga, nisimnyime haki yake, aliupatia: kikombe kimoja cha ngano, nusu kijiko cha chai cha chumvi, maji baridi robo tatu ya kikombe, ukoroge mpaka ugande mgongoni mwa kijiko. Kabla ya kuchovya ua unalipanua, unang'oa kile kidole cha katikati, unakung'uta wadudu. Nikamkumbusha.

"Shemeji, kwenye video hawakufanya hivyo."

Akayatumbukiza yote kwenye beseni la maji. Ua lililojifunga huficha maji tumboni, na maji yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke papo hapo. La kwanza lilipogusa karai, mafuta yakaruka mpaka kwenye pazia. Shemeji akaruka kinyumenyume, ua la pili mkononi likapasuka, na mpangaji akatoka, amelowa, ana hasira. Akamchoma mdomo wa juu. Bakuli la unga likamwagikia suruali, ile ya kwendea harusini.

Mama akaukwangua mwiba kwa ukucha upesi, maana ukiachwa unaendelea kusukuma sumu. Mdomo ukavimba hata hivyo. Akawa anauliza, "Na foga je?"

Viboga Mama akavikatakata, akavitia kwenye mchuzi wa binyebwa, yaani karanga. Vichanga huliwa na ganda lake. Jioni Shemeji akatafuna kwa upande mmoja, akaongeza bakuli.

"Tamu hii. Ni nini?"

"Mimba zako," Mama akamjibu. "Kula."