George Ryan: hukumu za kifo alizofuta na leseni zilizouzwa

George Ryan alikuwa mfamasia wa Kankakee kabla siasa hazijamfikisha kwenye ugavana wa jimbo la Illinois, Marekani, mwaka 1999, kwa tiketi ya chama cha Republican. Alifariki 2025, lakini ubishi juu yake haujaisha.

Mwaka 1977, akiwa mbunge wa jimbo, alipiga kura kurejesha adhabu ya kifo. Kufikia 2000 Illinois ilikuwa imewaua wafungwa 12, huku wengine 13 waliosubiri kifo wakiachiwa baada ya hukumu zao kubatilishwa. Mmoja wao, Anthony Porter, alibakiza takriban siku mbili tu auawe. Ryan akasimamisha adhabu hiyo. Januari 2003, akijiandaa kuondoka madarakani, aliwasamehe wanaume wanne waliosema polisi wa Chicago waliwatesa hadi wakakiri. Kesho yake akawaondolea kifo wafungwa 167, karibu wote wakabaki na kifungo cha maisha.

Ndugu wa watu waliouawa na wafungwa hao waliumia, na hoja yao ni nzito: kwa nini kesi zisipimwe moja moja, wakati wapo ambao hatia yao haikuwa na shaka? Lakini mfumo unaokosea mara 13 na kuua mara 12 haukuwa na mizani ya kuaminika ya kupimia kesi hizo. Wengine walisema anajisafisha kwa sababu wapelelezi wa kashfa ya leseni walishamkaribia. Uchunguzi kweli ulikuwa umeanza, na nia yake siwezi kuiapia. Hesabu ile hakuitunga yeye.

Kinachonikera ni watetezi wanaoliita suala la leseni doa dogo. Ryan alipokuwa Katibu wa Jimbo, kati ya 1991 na 1999, ofisi yake ndiyo iliyotoa leseni za udereva. Watumishi wake waliwauzia madereva wa malori leseni kwa rushwa, na sehemu ya fedha ikaingia kwenye kampeni zake. Mwaka 1994, karibu na Milwaukee, kipande cha chuma kilidondoka kutoka kwenye lori, gari la familia likashika moto, watoto sita wakafa. Dereva wa lori alikuwa na leseni ya aina hiyo. Ryan, aliyeona wazi jinsi uzembe wa mahakama unavyoweza kuua wasio na hatia, hakuzuia uovu wa ofisi yake mwenyewe.

Mwaka 2006 alitiwa hatiani kwa ufisadi, akahukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu. Seneta Dick Durbin alimwomba Rais Bush mwaka 2008 ampunguzie kifungo. Bush hakufanya hivyo, na kwa maoni yangu alitenda haki.