Pweza Hakaliwi, Kaka

Naona statasi ya jamaa yangu, ile yenye picha yangu nimekalia beseni la pweza sokoni, imeshawafikia wote, hadi shangazi yangu wa Muheza ambaye bando lake huwa linaisha kabla picha haijafunguka. Maneno aliyoyaweka chini: "Supu ya pweza hunywewa, kaka, haikaliwi." Mmecheka, haya. Ila kaandika pia kwamba niliteleza, na hapo ndipo ninapotaka kutetea heshima kidogo iliyobaki. Sikuteleza. Nilikwenda kwenye lile beseni kwa miguu yangu mwenyewe, kinyumenyume, taratibu, mbele ya mashahidi.

Mnajua nina vijana ninaowafundisha picha za habari. Asubuhi ile tulikuwa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, jua ndiyo kwanza linachomoza, pantoni la Kigamboni linapiga honi, mnada umepamba moto. Na mimi nilikuwa nimeamka na maneno mengi. Nikawaambia wagawe fremu kwa mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, dalali wamweke pale mistari inapokatana, wasimsimamishe katikati kama picha ya pasipoti. Kasi ya shata, lile pazia la kamera, isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, la sivyo mkono wake utatoka ukungu mtupu. Kona zote wazikague kabla ya kubonyeza, maana nguzo ikikaa nyuma ya mtu itaonekana imemwota kichwani. Kisha nikafika kwenye somo langu nilipendalo: picha ya habari haipangwi. Usimwambie mtu "sogea kidogo". Usimwambie "rudia". Ukishasema hivyo umehamia kwenye harusi. Tukio likija, funga mdomo, fungua shata.

Nikawaona wanaandika. Nikafurahi.

Dalali akainua jodari, mkubwa hasa, mkia unang'aa. Nikaona hii ndiyo ya kuwaonyesha vijana. Sasa lenzi yangu ni ya milimita 35, haina zumu, ukitaka kupanua picha unatumia miguu. Jicho likaenda kwenye kitundu cha kamera: mkia wa jodari umekatwa na ukingo. Nikarudi nyuma. Mkia ukaingia, lakini mkono wa mteja mwenye noti umebaki nje. Nikarudi tena. Noti imeingia, naona na anga juu inapendeza, nikasema kidogo tu. Tena nilikuwa nasema kwa sauti, nafundisha: "Mnaona? Mpiga picha mvivu husimama pale pale."

Kisigino kikagonga kreti. Juu ya kreti, hilo nimelijua baadaye, palikuwa na beseni, na ukingo wake ukanipata nyuma ya magoti, pale pale penye kukunja. Magoti yakakunja yenyewe, kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Ndugu zangu, kuna muda mrefu sana kati ya kusimama na kukaa. Nilipata nafasi ya kunyanyua kamera juu kwa mikono miwili. Nilipata nafasi ya kumwona mama mwenye pweza ameinua kiganja, mdomo wazi. Niliona jino la dalali, la dhahabu, sikuwa nimeligundua kabla. Na nyuma yake nikawaona vijana wangu wote wamejipanga, kila mmoja jicho kwenye kamera, hakuna hata mdomo mmoja unaotikisika.

Halafu baridi. Kwanza maji ya barafu, yakapita suruali bila kubisha hodi. Kisha ute, wenyewe hauna haraka, unatafuta njia. Nikadhani yameisha. Mkono mmoja wa pweza, maskini amekufa tangu usiku, ukaporomoka kutoka ukingoni ukanilalia pajani, vile vikombe vyake vimeangalia juu. Soko zima kimya. Hata kunguru wa Feri, na mnawajua walivyo, walinyamaza.

Dalali ndiye aliyevunja ukimya. Akamshusha jodari polepole, akaninyooshea kidole.

"Haya wateja, mzigo mpya umetua! Umekuja na barafu yake! Nani anaanza?"

"Elfu tano!" mtu akajibu huko nyuma.

"Huyo mifupa mitupu," akasema mama mmoja wa kukaanga samaki, kaniangalia juu mpaka chini kwa jicho la kazi. "Elfu mbili."

"Elfu mbili na kamera?"

"Na kamera laki tatu. Bila kamera, elfu mbili."

Ikagomea hapo. Nilisubiri mtu apandishe, nawaambia ukweli. Hakuna.

Nikajaribu kunyanyuka, beseni nalo likanyanyuka. Wakaja wabeba mizigo wawili, mmoja akanishika mimi, mwingine beseni, wakavuta. Sauti iliyotoka pale siiandiki, nina wakwe humu.

"Pole mwanangu," akasema mwenye pweza, keshashika mfuko. "Nikupimie wote?"

"Samahani mama, mimi nilikuwa napiga tu pi..."

"Nani atanunua pweza aliyekaliwa, baba?"

Nikalipa. Kwenye daladala konda alinusa, akanionyesha dirisha. Mke wangu akafunga mlango akataka maelezo kwanza. Hayo tuyaache.

Kilichoniuma zaidi ni vijana. "Hamkuniona?"

"Tulikuona ticha, tangu ulipoanza kurudi nyuma."

"Sasa?"

"Ulisema tusimwambie mtu sogea."

Somo la kwamba mtu akiwa hatarini unamwokoa kwanza, kamera baadaye, lipo. Nililipanga baada ya chai.

Jioni tukakaa kwenye kompyuta kuchambua kazi. Picha ziko wazi, kali, za kila pembe. Nikamwomba binti mmoja, kwa upole kabisa, achukue ule muhuri wa kunakili wa Photoshop, unaofunika kitu kwa kunakili kilicho jirani, aondoe ule mkono wa pweza pajani tu, mengine yabaki. Akanikumbusha, bila kucheka, kisa nilichowapa mimi mwenyewe: mwaka 2014 shirika la habari la AP liliachana na mpiga picha Narciso Contreras kwa sababu alifuta kamera ya video ya mwenzake kwenye kona ya picha ya Syria. "Ile ilikuwa kona, ticha. Huyu pweza yuko katikati ya habari." Nikasema basi angalau mwanga, tupunguze upande wa suruali. Akasema kuongeza na kupunguza mwanga ni sawa, ila si kwa kuficha kitu. Hilo nalo nilifundisha mimi. Mdomo wangu huu.

Sasa turudi kwa jamaa yangu mwenye statasi. Kuna kijana kamrushia picha, namtafuta. Ya asili ina mimi, beseni, mama mwenye kiganja, na ule mstari wa wanafunzi wanaotazama mwalimu wao anazama. Yeye kakata upande wote wa kushoto, nikabaki mimi na sakafu yenye maji. Mtu akiangalia anasema kateleza huyu. Nikampigia: kaka, kukata kingo kunaruhusiwa, lakini ukikata kile kinachoeleza kwa nini jambo limetokea umedanganya bila kugusa hata pikseli moja, rudisha picha nzima. Akarudisha. Nzima imechekwa mara tatu ya ile ya kwanza. Ahsanteni sana, nawaona.

Na lazima niseme, kama mwalimu, picha ile ni nzuri. Dalali yuko theluthi ya kushoto, jodari anashuka, meza za samaki zinavuta jicho moja kwa moja hadi kwenye beseni. Nimempa huyo binti alama ya juu kuliko wote. Nilimkata moja tu, kwenye maelezo aliandika kilo tano, na mimi nililipia sita.

Dalali naye kaniomba ile picha yake na jodari. Nilichopata mimi ni kipande cha anga na kwapa lake, kidole kilibonyeza chenyewe wakati naenda chini. Nimemtumia ya binti, pamoja na salamu na samahani kwa kuvuruga mnada. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia soko zima linacheka: "Usijali kaka, picha safi. Ila yule mama bado yuko palepale, elfu mbili."