Unene: ukoo au mdomo?

Kwa mama ntilie wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kesi ya unene haiishi. Wapo wanaosema ni ukoo: ukimwona mama, umemwona binti. Wengine wanasema ni mdomo tu, maana anayebeba magunia ya dagaa kutwa nzima angeotaje kitambi? Mimi nawaunga mkono zaidi wa kwanza, ingawa kesi hawajaishinda.

Silaha yao kubwa ni leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe. Timu ya Jeffrey Friedman ya New York iliigundua mwaka 1994. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, wenye hitilafu katika jeni ya leptini. Walikuwa wanene kupindukia, na hawakushiba. Mmoja wao alipoanza kuchomwa sindano za leptini, njaa ilitulia na kilo zikashuka. Nani atamwita mtoto huyo mlafi?

Lakini watoto wa namna hiyo ni adimu mno. Wanene walio wengi wana leptini tele, ila ubongo hauiitikii ipasavyo. Hata jeni maarufu ya FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007, haina makali hivyo: aliyerithi nakala mbili za aina inayonenepesha humzidi asiye nayo kwa wastani wa kilo 3 hivi. Aliyeacha michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kijijini akaja mjini Igoma kuzoea chipsi mayai na soda hakubadilishiwa jeni njiani.

Wa mdomo wasishangilie bado. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe, majirani zetu wa Ziwa Eyasi, wakatoa matokeo mwaka 2012. Wahadzabe hutembea, huwinda na kuchimba mizizi, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati wanayotumia kwa siku inakaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Yaelekea mwili hubana matumizi kwingineko. Mazoezi yana faida zake kwa moyo na sukari, sibishi, ila kitambi hakiondoki kwa gunia peke yake.

Na anayejinyima? Akipungua, leptini inashuka, grelini, homoni ya tumboni, inapanda na kuchochea njaa, huku mwili ukitumia nishati kidogo kuliko awali. Kwa hiyo mtu akirudisha kilo alizopoteza, kabla ya kumcheka, tujue njaa aliyonayo sasa inazidi ile aliyokuwa nayo kabla hajaanza.